Gari Lako Linampa Nani Habari Zako?

Barua za wasomaji mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinazunguka jambo moja. Watu wanaona vijicho vyeusi kwenye dashibodi, vitaa vinavyopepesa chini ya usukani, ripoti zinazosema gari lilikuwa wapi na saa ngapi. Wanauliza nani anayeangalia. Pale penye hatari ya kweli tumejibu kwa urefu. Pale ambapo hofu imezidi jambo lenyewe tumepita haraka. Msimamo wetu tunausema mapema: kifaa kinachomwonya dereva na mambo yake yakaishia humo humo ndani ya gari ni msaada. Kifaa kinachopeleka taarifa nje lazima kiwe na mwenyewe anayejulikana.

Kijicho juu ya skrini

*Nimenunua Subaru Forester ya mwaka 2019 iliyotoka Japani. Juu ya skrini ya katikati kuna kijicho cheusi. Nikigeuka kuongea na watoto waliokaa nyuma, gari linalia na maandishi ya Kijapani yanatokea. Je, sura yangu inapelekwa Japani? Kwa sasa nimebandika plasta. — Baba wa watoto watatu, Njiro, Arusha*

Plasta unaweza kuibandua. Hicho ni kiangalizi cha dereva. Wazo lenyewe si geni, maana Toyota ilishaweka kamera ya namna hiyo kwenye Lexus tangu mwaka 2006. Kandokando ya kamera kuna taa za infraredi, mwanga ambao jicho la mtu halioni. Ukitaka kuziona, washa gari usiku, fungua kamera ya selfi ya simu yako na uielekeze kwenye kijicho: mara nyingi utaona nukta za rangi ya zambarau zinawaka. Kompyuta ya gari inatafuta pua, pembe za macho na kope, kisha inapima kichwa kimeelekea wapi na kope zimefunika mboni kwa kiasi gani. Kipimo cha usingizi kinachotumika sana ni hiki: katika dakika moja, ni asilimia ngapi ya muda kope zilikuwa zimefunika mboni kwa asilimia 80 au zaidi. Kupepesa kwa kawaida hakumalizi hata nusu sekunde. Anayesinzia, kope zinashuka taratibu na kukaa chini.

Hesabu hiyo inafanyika ndani ya gari. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni alama za sura zilizosajiliwa, hadi za watu watano, ili gari limtambue dereva na kumrudishia mpangilio wake. Ya mwenye gari wa kwanza huenda bado imo. Ingia kwenye mipangilio ya gari, tafuta sehemu ya kiangalizi cha dereva, futa waliosajiliwa wote, na usijisajili kama hutaki. Kama menyu ni ya Kijapani, elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri kwenye skrini na utasoma kila mstari.

Kelele za bure zina sababu zake. Miwani ya jua inayozuia infraredi inaifanya kamera isione macho kabisa, na kofia iliyoshushwa inaficha kope. Asubuhi ukitoka Arusha kwenda Moshi jua linakupiga usoni, na hapo kamera inaweza kupofuka sawasawa na wewe. Lakini hilo la kugeuka kuongea na watoto si kelele ya bure. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukigeuka kwa sekunde mbili umepita mita 44 bila kuona barabara. Tunakuomba usiuzime mfumo huo.

Kuna wengine wanatuuliza kuhusu picha ya kikombe cha kahawa inayotokea kwenye dashibodi za Mercedes. Ule mfumo wa awali hauna kamera ya usoni. Ulianza mwaka 2009, na unasoma jinsi unavyoshika usukani: anayechoka huuacha kidogo, kisha anausahihisha kwa mshtuko. Hakuna sura inayochukuliwa.

Hali hubadilika kabisa pale gari linapokuwa na intaneti yake na kamera zinazoweza kutuma video. Mwezi Aprili 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kati ya 2019 na 2022 wafanyakazi wa Tesla walikuwa wakitumiana wao kwa wao video na picha zilizochukuliwa na kamera za magari ya wateja. Umoja wa Ulaya unalazimisha magari mapya kuwa na mfumo wa kugundua uchovu wa dereva, lakini sheria yao inataka taarifa hizo zichakatwe ndani ya mfumo, zisipewe mtu mwingine, na zifutwe mara tu kazi inapokwisha. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na mnunuzi wa huku ana haki ya kudai kiwango hicho hicho.

Sauti ya mwanamke wa Kijapani

*Shikamooni. Nina Passo. Kila nikiwasha gari, sauti ya mwanamke inaongea Kijapani, na jirani ananiambia gari linaripoti kwa mwenyewe wa zamani. Nifanye nini? — Mama wa duka, Majengo, Moshi*

Marahaba, mama, na usiwe na wasiwasi. Sauti hiyo inatoka kwenye kifaa cha kulipia barabara za kulipia za Japani, kinaitwa ETC. Kinachosemwa ni kwamba kadi haijaingizwa. Kifaa hicho kinaongea na mageti ya barabara za huko kwa mawimbi ya masafa mafupi ya gigahetsi 5.8, na huku hakuna geti la kukijibu. Hakiripoti kwa mtu yeyote.

Kukinyamazisha ni kazi ya dakika 10. Tafuta kisanduku chembamba chenye mdomo wa kadi, ama chini ya dashibodi upande wa usukani, ama ndani ya kabati la mbele ya abiria, ama kwenye kivuli cha jua. Kwanza angalia kama kadi ya mtu imesahaulika ndani. Ikiwepo, itoe na uiharibu. Kisha ama punguza sauti kwa kitufe chake hadi mwisho, ama chomoa plagi ya umeme iliyo nyuma. Usikubali fundi akate waya kwa koleo, kwa sababu mara nyingi umeme wake umeungwa pamoja na wa redio.

Cha kuangalia zaidi ni kitufe cha SOS, cha kuita msaada, karibu na kioo cha ndani kwenye magari mapya kidogo. Toyota ilianza kuweka kifaa cha mawasiliano kama sehemu ya kawaida kwenye Crown na Corolla Sport mwaka 2018. Huduma hiyo ni ya mkataba wa Japani, kwa hiyo ukipata ajali pale Himo usikitegemee kitufe hicho, piga 112. Waliokuwa na magari ya Toyota yenye mawasiliano kule ndio walioathirika: mwezi Mei 2023 Toyota ilikiri kwamba taarifa za wateja takriban milioni 2.15 wa Japani, zikiwemo za mahali gari lilipo na saa, zilikuwa wazi kwenye seva kwa miaka kumi hivi, kuanzia Novemba 2013 hadi Aprili 2023, kwa sababu ya mpangilio uliokosewa. Hakuna aliyevunja mlango, ulikuwa haujafungwa.

Traka iliyofungwa na gari linazima mlimani

*Nina Noah ya abiria, inapanda Kibosho. Fundi alinifungia traka yenye uwezo wa kuzima gari kwa simu. Sasa betri inakufa gari likilala siku chache, na mara mbili gari limezima kwenye mlima lenyewe. Pia nimesikia mtu mwingine anaweza kulizima. Ni kweli? — Mwenye Noah, Moshi*

Yote matatu ni kweli, na hii ndiyo barua iliyotutia hofu kuliko zote, kwa sababu humo ndani wanakaa watu.

Tuanze na kuzima. Traka, kile kifaa kinachotuma mahali gari lilipo, haizimi gari kwa akili zake, inatumia rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyowekwa kwenye waya wa pampu ya mafuta. Rilei ya pini tano ina namba zilizoandikwa ubavuni: 30, 85, 86, 87 na 87a. Waya wa pampu unakatwa, ncha moja inaingia 30 na nyingine 87a. Hizo mbili zimeshikana wakati rilei haina umeme, kwa hiyo gari linatembea hata traka ikifa. Pini 85 na 86 ni za koili: moja inapewa chanya, nyingine inapewa hasi na traka pale tu unapotuma amri ya kuzima. Fundi asiyejua anaunga 87 badala ya 87a. Hapo koili lazima ipewe umeme muda wote ndipo pampu ifanye kazi, na siku traka ikizubaa, gari linazima popote lilipo. Chomoa rilei usome pini. Kama waya wa pampu uko kwenye 87, umepata kosa.

Kama uko kwenye 87a, tazama waya na viungo. Pampu inavuta ampea 5 hadi 10. Nyaya nyembamba zinazokuja na traka ni za ishara, haziwezi mzigo huo. Inatakiwa waya wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, kiungo kibanwe kwa kibanio au kuchomelewa kwa risasi, siyo kusokotwa na kuvikwa selotepu. Kiungo cha kusokota kinapata moto, kinapata kutu, umeme unapungua, na mlimani pampu inapotakiwa kufanya kazi zaidi gari linakosa mafuta. Pima hivi: injini ikiunguruma, weka mita kwenye volti za DC, mguso mmoja kwenye pini 30 na mwingine kwenye 87a. Usomaji uwe chini ya volti 0.2. Ukifika 0.5, kiungo au rilei vimeoza. Na ukigusa kava la rilei ukakuta linaunguza kidole, huhitaji mita.

Betri sasa. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Legeza waya wa hasi wa betri, weka mita kwenye tundu la ampea 10, iunge kati ya waya na betri. Gari lisilo na hitilafu linavuta kati ya miliampea 20 na 50. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Ukiona imezidi, chomoa fyuzi ya traka. Kama kipimo kikishuka, mwizi umempata. Hesabu ni nyepesi: miliampea 50 za ziada ni ampea-saa 1.2 kila siku, na betri ya ampea-saa 45 itafika nusu kwa siku 19 hivi. Betri iliyochoka haifiki hata wiki. Traka nzuri ina hali ya kulala gari likisimama, na mara nyingi haikuwashwa kwa sababu waya wa kutambua swichi haukuungwa. Waambie waunge waya huo, na njia ya umeme ya traka iwe na fyuzi ya ampea 2 au 3 karibu na chanzo.

Ama kuhusu mtu mwingine kulizima gari lako: mwezi Julai 2022 kampuni ya usalama ya BitSight ilitangaza kasoro sita kwenye traka ya MiCODUS MV720, kifaa cha bei ya dola 20 hivi. Mtengenezaji wake alikuwa na vifaa milioni 1.5 vinavyotumika katika nchi 169. Mtu wa mbali aliweza kufuatilia gari na kukata mafuta. Mojawapo ya matatizo yalikuwa neno siri la kiwandani, 123456, ambalo wateja hawakulazimishwa kulibadilisha.

Kwa hiyo fanya haya leo. Muulize fundi aina kamili ya traka yako na namba ya laini iliyomo. Badilisha neno siri la traka yenyewe na la programu ya simu; hayo ni mawili tofauti, na watu wengi hubadilisha moja tu. Hakikisha traka inapokea amri kutoka namba yako peke yako. Kisha tatizo ambalo tunaliona limelala kila mahali: laini imesajiliwa kwa nani? Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Kama ya traka haimo, imesajiliwa kwa fundi au kwa mtu wake, na akaunti ya programu huenda pia ni yake. Huyo anajua Noah yako inalala wapi. Isajili upya kwa jina lako, na mwombe fundi akutoe kwenye akaunti yake mbele yako huku ukiangalia skrini.

Amri ya kuzima isikubali gari likiwa linatembea. Traka nyingi zinaweza kuwekwa zisubiri hadi mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa. Injini ikizima kwenye mteremko usukani unaweza kuwa mzito, na msaada wa breki unabaki wa kukanyaga mara mbili tatu tu. Kama traka yako haina mpangilio huo, ondoa rilei, ubaki na ramani peke yake.

Kamera ya bosi

*Naendesha watalii. Kampuni imefunga traka na kamera inayoangalia ndani, inanisema nikipiga miayo. Gari nalala nalo nyumbani. Juzi nimekatwa pesa kwa ripoti kwamba nilikimbia kilomita 140 na kwamba niliondoka alfajiri bila ruhusa. Sikufanya hivyo. Nina haki gani? — Dereva, Sakina, Arusha*

Kaka, mwajiri ana haki ya kujua gari lake liko wapi, na abiria wana haki ya dereva asiyesinzia kwenye mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu. Wenzako wa mabasi wanafuatiliwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa mfumo wake wa kufuatilia mwenendo wa magari, na dereva anajitambulisha kwa kitufe kinachoitwa aibatani. Lakini haki hiyo ina mipaka. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akuambie anakusanya nini na kwa kusudi gani, na azitumie kwa kusudi hilo. Inakupa haki ya kuziona na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Anayekusanya anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume hiyo ndiyo inayopokea malalamiko.

Turudi kwenye ripoti, maana hapo ndipo pesa yako ilipopotelea. Usibishane kwa mdomo. Omba kwa maandishi orodha ya nukta zenyewe, siyo mchoro wa ramani, ikionyesha kila nukta saa yake, kasi, na idadi ya satelaiti. Kisha tazama mambo matatu.

La kwanza ni saa. Seva nyingi zinatunza saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kama akaunti haikuwekwa saa za Afrika Mashariki, safari uliyoanza saa 2 asubuhi itaandikwa saa 11 alfajiri. Tunadhani kesi yako ya pili ni hii. Ithibitishe kwa safari nyingine ambayo mwajiri mwenyewe anajua ulitoka saa ngapi.

La pili ni nukta iliyoruka. Traka inahitaji satelaiti zisizopungua nne ili ijue ilipo. Chini ya ukuta wa mlima au miti mizito, mawimbi yanagonga na kurudi, na nukta moja inarukia mbali. Mfumo unagawa umbali kwa muda, unapata kilomita 140. Ukiona nukta moja yenye 140 katikati ya jirani zenye 52 na 55, gari halikukimbia. Hakuna Land Cruiser inayopanda kutoka 52 hadi 140 na kurudi ndani ya sekunde 10.

La tatu ni mstari ulionyooka kwenye ramani, kana kwamba umekatiza porini. Hifadhini mtandao unakosekana, traka inatunza nukta na kuzituma baadaye, na kumbukumbu ikijaa nyingine zinapotea. Ramani inaunganisha zilizobaki. Pengo la mtandao halimaanishi kwamba dereva alichomoa kifaa.

Kuhusu kamera ya ndani: onyo la miayo halina neno likibaki kwenye gari. Uliza kama inarekodi sauti. Wewe na wageni mnaongea humo siku nzima, mambo ya afya, ya familia, ya pesa, na kuzuia usingizi hakuhitaji maikrofoni. Izimwe kwenye mipangilio, na abiria wawekewe tangazo linaloonekana kwamba kuna kamera. Uliza pia video inakaa wapi. Kadi ya gigabaiti 64 kwa picha ya kawaida inajaa kwa saa 10 hivi kisha inajifuta kuanzia mwanzo, na hilo si baya. Zile zinazotuma vipande vya video kwenye seva ndizo za kuulizia: nani ana neno siri, zinafutwa baada ya siku ngapi. Na ule muda gari lipo nyumbani kwako, pendekeza mkataba useme wazi kwamba mahali gari lilipo panaangaliwa kwa ajili ya wizi tu.

Usichomoe kifaa wala usinunue vile vya kuvuruga mawimbi. Utapoteza kazi ukiwa na haki yako mkononi.

Nahisi kuna kitu kwenye gari langu

*Mtu niliyeachana naye anajua kila nilipokwenda. Nitatafutaje? — Dada, Moshi*

Dada, kwanza simu. Mara nyingi ni simu, si gari: angalia kama unashiriki mahali ulipo kwenye ramani au WhatsApp, na kama akaunti yako ya Google iko wazi kwenye simu yake au kwenye redio ya skrini ya gari alilowahi kutumia. Badilisha neno siri ukiwa kwenye simu ambayo hajawahi kuishika.

Kisha gari, mchana, kwa tochi. Anza chini ya usukani kwenye soketi ya kupimia, yenye matundu 16. Kama kuna kitu kimechomekwa na hukukiweka wewe, umekipata. Fuata betri: waya mwembamba ulioungwa juu ya ncha ya chanya na kupotelea ndani, ufuate hadi mwisho. Angalia nyuma ya kisanduku cha fyuzi, chini ya viti, ndani ya mfuko wa nyuma ya kiti, chini ya zulia la buti na kwenye shimo la tairi la akiba. Mwisho ingiza mkono ndani ya bampa na juu ya fremu chini ya gari. Vyenye sumaku na betri yake vinakaa hapo, na kwa vumbi la kwetu utaviona kama donge safi kuliko jirani zake.

Ukikipata, usikichomoe mara moja. Piga picha kikiwa pale pale, namba zilizoandikwa zionekane. Kukitoa ghafla kunamjulisha aliyekiweka, kwa hiyo kwanza uwe na mtu wako na mahali salama, kisha nenda polisi kwenye dawati la jinsia na kifaa kitolewe mbele ya shahidi. Laini iliyo ndani imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu fulani.

Nikigonga, gari litanisemea?

*Je, ni kweli gari lina kisanduku kinachotunza mwendo? Na kampuni za bima zinakisoma? — Kijana wa Usa River*

Magari mengi yenye eabegi yana kumbukumbu ndani ya kompyuta ya eabegi, iliyo katikati sakafuni, chini ya sehemu ya gia. Inatunza sekunde chache, kwa kawaida tano kabla ya mgongano: mwendo, breki, mguu wa mafuta, mkanda. Haina sauti, haina ramani, na inasomwa kwa waya na mashine maalumu. Kama umegongwa na unaamini ulikuwa na haki, mwambie fundi asiitupe kompyuta hiyo wakati wa ukarabati. Inaweza kuwa shahidi wako pekee.

Yale ya bima uliyoyasikia yametokea Marekani. Mwezi Machi 2024 gazeti la New York Times lilieleza habari za dereva aliyeomba faili lake kwenye kampuni ya LexisNexis, inayouzia bima taarifa za madereva, akapewa kurasa 258, zikiwa na safari 640 za miezi sita: saa, umbali, kukanyaga breki kwa nguvu. Bima yake ilikuwa imepanda. Zilitoka kwa mtengenezaji wa gari lake, General Motors. Januari 2025 mamlaka ya biashara ya huko ilitangaza amri ya kuizuia kampuni hiyo kwa miaka mitano isitoe taarifa kama hizo kwa wakala wa namna hiyo, ikieleza kwamba mahali gari lilipo palikuwa pakichukuliwa hata kila sekunde tatu. Kabla ya hapo, Septemba 2023, taasisi ya Mozilla ilisoma sera za faragha za majina 25 ya magari, na yote 25 yalifeli. Kwa IST au Vitz yako ya zamani isiyo na laini ndani, hakuna njia ya kutuma hayo.

Nauza gari, nifute nini?

*— Mwalimu, Tengeru*

Redio kwanza. Ukiunga simu kwa Bluetooth, redio inanakili majina na namba za kitabu chako chote cha simu pamoja na orodha ya waliopiga. Kufuta gari kwenye simu yako hakufuti nakala hiyo; lazima ufute simu kwenye redio, kisha urudishe redio kwenye hali ya kiwandani. Redio za skrini za Android, toka kwanza kwenye akaunti ya Google, ndipo ufute. Ramani, futa "nyumbani" na historia. Toa kadi ya kamera ya dashibodi, na kadi au flashi iliyochomekwa kwenye redio.

Traka, hamisha akaunti au uitoe pamoja na laini. Mnunuzi naye ajue ilipokuwa, amwone fundi akiunganisha waya wa pampu sawasawa, na aendeshe gari mlimani kabla hamjaandikiana.